Mizinga Niliyoisahau Mgori

Nimesikia kwamba upande wa Ikungi kuna binti aliyeopolewa kisimani akiwa hapumui, akapumua tena, na sasa mama yake anasema, "Huyu siye niliyemzaa." Sijafika kwao. Nimeambiwa na mtu aliyekuja kununua asali. Kurasa hizi nimeziandika kwanza kwa ajili yao. Binti akiweza kusoma asome. Asipoweza asomewe polepole, kipande kimoja kwa siku, na asiulizwe maswali baadaye. Maswali yanachosha kuliko jembe.

Mimi si mganga, wala sikukaa darasani. Herufi nilijifunza kwenye magunia ya duka na katika kitabu cha sala cha mama, na mpaka leo naandika sentensi moja mara nne kabla ya kuiacha. Yaliyomo humu mengine niliyaona, mengine nilisimuliwa na mke wangu Elizabeti, kwa sababu ipo miezi ambayo mimi sikuwepo, ingawa mwili wangu ulikuwepo ukinyweshwa uji.

Baba alipokufa aliniachia mizinga arobaini na sita katika msitu wa Mgori. Ni magogo yaliyochongwa na kuachwa matupu ndani, yametundikwa juu ya miti, mmoja hapa na mwingine mwendo wa nusu saa kutoka hapo, hadi upande wa pili wa msitu. Kila mzinga una alama ya ukoo wetu, mikato miwili na tundu moja. Kwetu mzinga wenye alama ya mtu haurinwi asali na mwingine, maadamu mwenyewe anautembelea. Ukipita misimu miwili bila kutembelewa unahesabiwa kuwa umefiwa, na atakayeukuta ana haki nao. Alama inajulikana na kila mtu. Mti anaujua mwenye mzinga tu.

Mvua ikikataa na uwele ukaungua shambani, mizinga hiyo ndiyo iliyotulisha. Asali tuliiuza sokoni, nta tuliipeleka kwa mwenye duka Singida. Hatukuwa na ng'ombe.

Baba akiwa mgonjwa aliniambia, "Mwonyeshe msitu baba yako mdogo. Mtu mmoja huanguka." Niliitikia. Sikumwonyesha. Baba mdogo, jina lake Sungi, anarina kwa haraka. Anakata masega pamoja na majana, yaani watoto wa nyuki, halafu anafuta kisu kwenye suruali. Sikuweza kuvumilia kumfikiria mkono wake ukiwa ndani ya mizinga ya baba. Wala sikuandika popote miti ilipo, kwa kuwa daftari hufunguliwa na kila anayelikuta. Nilijiita mwangalifu. Nilikuwa mchoyo, na uchoyo huo ndio uliofanya ugonjwa wa mtu mmoja uwe njaa ya nyumba nzima.

Ilikuwa Juni, wakati wa upepo wa baridi. Watu wetu huyeyusha nta jioni, uani, nyuki wakiwa wamekwisha rudi mizingani, kwa maana harufu ya nta ya moto ikitoka mchana huita nyuki wa nchi nzima. Nao huyeyusha kwa kuni. Nta yao inatoka na rangi ya moshi, na mwenye duka anaipokea bila neno. Mimi nilitaka yangu iwe kama kiini cha yai. Nilikuwa nimeiyeyusha mara moja, nikaigandisha, na asubuhi nikaona ndani ya bonge uzi mweusi usiozidi ukucha. Lori la duka lingepita adhuhuri. Basi nikaamua kuiyeyusha upya mchana huo huo, ndani ya nyumba. Kwa ajili ya moshi nikachukua mkaa badala ya kuni. Kwa ajili ya nyuki nikaziba madirisha mawili kwa udongo na mavi ya ng'ombe niliyoomba kwa jirani, na chini ya mlango nikaweka magunia yaliyoloweshwa.

Elizabeti alikuwa anachukua mtungi kwenda kisimani. Akasimama mlangoni.

"Unajizika?"

"Nyuki wasiingie."

"Basi acha hata katundu ka juu."

Nyumba yetu ni tembe, na kwenye dari ya udongo kulikuwa na tundu la kutolea moshi. "Hako ndiko wanakokapenda," nikamwambia. Alipoondoka nikakomea mlango, nikapanda juu ya kinu nikaliziba kwa kitambaa.

Mkaa haukutoa moshi hata chembe. Nakumbuka nilifurahi. Nta ilianza kulainika pembeni. Miguu ikawa miepesi, nikasema nikae chini kidogo ili niione vizuri.

Walivunja mlango kwa mchi, mke wangu na mama. Sufuria ilikuwa imeungua. Mama anasema midomo yangu ilikuwa myekundu kama ya mtoto aliyekula matunda ya porini, na hilo ndilo lililomtisha kuliko kutopumua kwangu. Walinivuta miguu hadi uani, mama akanimwagia maji, Elizabeti akanipiga mgongoni mpaka nikakohoa. Jioni ya siku hiyo nilikaa, nikatapika, nikalalamika kichwa. Kesho yake nilikula. Watu walikuja kunipa pole na kunicheka.

Sasa nasema jambo ambalo mama wa Ikungi lazima alijue: nilipona kwa siku kumi na nane. Nilitembea, nilipiga hesabu, nilitania watu. Kama ningekuwa na akili ningetumia siku zile kumpeleka baba mdogo msituni. Nilizitumia kusugua sufuria iliyoungua.

Siku ya kumi na tisa, Elizabeti anasema, nilisimama mlangoni nimeshika shati, nikiliangalia, mpaka jua likafika utosini. Alinivalisha. Siku iliyofuata nilimwita mama kwa jina la marehemu bibi. Baada ya hapo nilijikojolea nikiwa nimesimama mbele ya wageni, wala sikuona haya, na mke wangu anasema kutoona haya kwangu ndiko kulikomliza, maana alijua mimi ni mtu wa kuona haya hata kwa kifungo. Juma la pili sikusema tena. Baba mdogo akaja, akanitazama, akasema nimekaliwa na nyuki wa marehemu. Mama akamjibu kwa Kinyaturu maneno ambayo baadaye alikataa kuniambia.

Wakanipakia kwenye lori la mahindi hadi hospitali ya misheni. Huko, watu husubiri kwenye baraza ya saruji, wengine wamekuja na kuku zao, na jina lako likiitwa ukiwa chooni linaitwa la mwingine. Elizabeti alikaa siku mbili hapo bila kwenda haja. Daktari, Mzungu mrefu aliyezungumza Kiswahili cha kusoma kitabuni, alimwambia ubongo wangu ulikosa hewa, kwamba mara nyingine ubongo huchelewa kuanguka baada ya kugongwa, na kwamba tusubiri. Zaidi ya hapo sina la kueleza juu ya ubongo.

Nilikaa huko hadi Oktoba. Mikono ilikakamaa, vidole vikajikunja kama vya mtu aliyeshika jembe. Uso uliganda. Mate yalitoka pembeni ya mdomo na sikujua kama ni yangu. Nilikonda hadi pete ikawa inazunguka, na Elizabeti akaivua akaifunga kwenye pindo la kanga yake. Alilala chini ya kitanda changu miezi mitatu, ijapokuwa ndugu zake wa Issuna walimtumia mtu kumwambia arudi nyumbani. Hamkuzaa, walisema, hakuna kinachokufunga. Hili nililijua baadaye sana. Siku aliponiambia nilimuuliza mbona hakurudi. "Nilikuwa nimechoka kutembea," alisema, akaendelea kupepeta uwele.

Wema wa mahali pale ulikuwa mdogo mdogo, na ninaukumbuka kuliko dawa. Kulikuwa na mama aliyefagia wodi. Kila asubuhi alisimama miguuni pangu na kusema, "Mimi Paulina, nafagia. Leo Jumanne." Kesho yake: "Mimi Paulina, nafagia. Leo Jumatano." Hakusubiri jibu. Hakuniuliza, "Unanikumbuka?" kama wengine wote. Kama unamtunza mgonjwa wa namna hii, fanya kama Paulina. Mpe jibu kabla hajalitafuta.

Lakini mimi niligeuza wema wake kuwa wizi. Septemba sauti ilirudi, nikaanza kutembea kwa kushika ukuta, na daktari akaanza kuniuliza maswali kila Ijumaa. Leo siku gani? Mwezi gani? Hesabu kutoka ishirini kurudi nyuma. Kumbuka vitu vitatu: kisu, chungwa, kengele. Nilishindwa mara ya kwanza, na sikulala kwa aibu. Siku niliipata kwa Paulina kila asubuhi, na kumbe vitu vitatu vilikuwa vile vile kila Ijumaa. Nikamwambia Elizabeti anifundishe, tukawa tunakariri uani kama watoto wa komunyo. Ijumaa ya tatu nilijibu yote bila kusita. Daktari akaweka kalamu chini.

"Unajibu vizuri sana," alisema. "Vizuri kupita kiasi."

Alikuwa na safari ya Nairobi kwa shughuli zake. Akasema huko iko mashine inayosikiliza ubongo wenyewe, bila kuuliza maswali, na rafiki yake anayeisimamia amekubali kuniona. Nadhani nilikuwa jambo la kujifunza kwake, na sioni ubaya. Mvua ya kwanza ilitunyeshea mimi na daktari njiani kabla ya Arusha.

Nairobi ilikuwa katika hali ya hatari, kukawa na ukaguzi kila mahali, na askari waligeuza barua yangu ya hospitali juu chini. Kwenye chumba cha kungojea benchi la Waafrika lilikuwa karibu na mlango, palipokuwa na upepo. Tulisubiri tangu saa mbili hadi saa nane. Mkabala nami alikaa mwanamke na kijana wake mwenye kifafa, na kila kijana alipotikisika mama yake alitutazama sisi wote kwa zamu, kama kuomba radhi. Nilitamani kumwambia hakuna haja. Sikumwambia, kwa kuogopa kukosea maneno.

Aliyenitayarisha alikuwa Mkamba wa makamo, Mutiso, msaidizi wa mashine. Alinilaza, akanipaka kichwani dawa nzito ya baridi kama ugali uliolala, akabandika nyaya moja moja.

"Mtanganyika, usiogope. Hapa hatuchukui akili. Tunaisikiliza tu kama iko."

"Nifanye nini?"

"Usifanye kitu. Lala."

"Nifikirie nini?"

"Usifikirie kitu."

"Nikikosea je?"

Akacheka mpaka akaegemea meza. "Wewe umeletwa kwa ugonjwa gani, wa ubongo ama wa mtihani?"

Kalamu ndogo zilianza kukwaruza karatasi iliyokuwa ikitembea yenyewe. Fumba macho, akasema. Fumbua. Fumba. Pumua haraka. Mimi, katika ule ujinga wangu, nilitaka mistari iwe mizuri. Nikaona nifikirie kitu ninachokijua kuliko vyote, ili kalamu ziandike vizuri. Nikaanza kuipita mizinga ya baba. Wa kwanza uko kwenye mti wa mtundu ulio karibu na mwamba. Wa pili kwenye mninga uliopigwa na radi. Wa tatu ng'ambo ya korongo. Wa nne juu ya mtundu mwingine, wenye mizizi ya kukalia. Wa tano.

Ilikuwa kama kuvuta kamba ya ndoo kisimani ikakatika. Mkono unapanda peke yake, mwepesi.

Nikaanza tena. Nilianza mara nyingi, na kila mara nilifika kwenye mizizi ya kukalia. Hapo, nikiwa na nyaya kichwani, ndipo nilipojua tulichopoteza. Mutiso alisema, "Tulia, unakunja uso, unaharibu karatasi."

Daktari alinionyesha karatasi ile barazani. Mistari ilikuwa mipana, mizito, inayopanda na kushuka taratibu. "Hivi ndivyo anavyoandika mtu aliye usingizini," alisema. "Nawe ulikuwa macho. Umenidanganya na kisu na chungwa, sivyo?"

Nikasema ndiyo. Hakukasirika. Alisema nirudi nyumbani, nile, nifanye kazi ndogo za mikono, na Mei, akisafiri tena, tutaitazama upya.

Masika yote nilijifunza kufunga vifungo, kuchoma mahindi bila kuyaunguza, kufuata mazungumzo ya watu wawili. Watatu walinishinda. Vidole vililegea kufikia Januari. Hasira ilikuja ambayo sikuwa nayo kabla. Nilimrushia mama kibuyu kwa sababu alinimalizia sentensi. Nikaomba radhi, akasema, "Afadhali umerusha. Zamani ulikuwa unaweka moyoni tu."

Baba mdogo alikuja wakati uwele umefika magotini. Nilisimama kumwamkia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umepona?"

"Nimepona."

"Na msitu?"

"Upo."

"Sikuulizi kama upo. Juni utanipeleka, nami nitabeba kamba. Msimu uliopita hukumaliza kurina, ulikuwa unachezea sufuria. Ukipita na huu, mwanangu, unajua sheria."

"Nitakupeleka," nikasema.

Alipoondoka, Elizabeti alinitazama. Mke wangu si mtu wa nyuki. Kwao Issuna wanalima na kufanya biashara ndogo ya soko, lakini anajua uso wangu.

"Ni mingapi?"

"Mingapi nini?"

"Unayoikumbuka."

Nikamwonyesha vidole vinne.

Alikaa chini. Kisha akasema niende sokoni Mgori, wanakokaa warina asali, niwaambie wazi kwamba nimesahau, na yeyote anayeijua alama yetu mtini aniambie. Mama akadakia kutoka jikoni. "Aseme amesahau? Kesho kila mwenye shoka ataingia msituni kutafuta alama ile aifute!"

"Na asiposema, mama, ataipata nani?"

"Itarudi kichwani. Mtoto wangu alikuwa na kichwa."

"Kilikuwepo," alisema Elizabeti.

Mimi nilikuwa upande wa mama. Si kwa kuogopa mashoka. Naliandika wazi: niliogopa watu wajue. Nilijulikana kuwa ndiye kijana asiyekosea. Nilikuwa tayari nyumba ilale njaa, mimi nibaki nikijulikana hivyo. Basi nikaanza kwenda mwenyewe ukingoni mwa msitu, nikirudi na kusema nimeona mmoja, nimeona mwingine. Kweli niliona miwili. Mingine nilisema tu.

Mei nilikwenda Nairobi na daktari mara ya pili. Benchi lilikuwa lile lile. Mutiso alinijua kabla sijamjua.

"Mtanganyika wa mtihani! Leo utafikiria nini?"

"Sitafikiria kitu."

"Uongo huo. Lakini lala."

Safari hii daktari alitandaza karatasi mbili, ya kwanza na ya pili. Hata mimi niliona. Mistari mipya ilikuwa midogo, ya karibu karibu, yenye haraka. Nilipofumba macho ilijipanga sawa sawa, nilipofumbua ikavunjika, na kumbe ndivyo inavyotakiwa. Mutiso alisema sasa nina mwandiko. Nilifurahi kiasi kwamba niliomba nipewe kipande, nikanyimwa.

"Basi mizinga itarudi," nikamwambia daktari. Nilikuwa nimemweleza habari yote njiani.

Alikunja karatasi. "Karatasi inasema ubongo umeamka. Haisemi umeamka na vitu vyake vyote. Kilichokwisha rudi kitaongezeka kidogo. Kingine usikisubiri."

"Kwa muda gani nisikisubiri?"

"Usikisubiri," alisema.

Juni baba mdogo alikuja na kamba, shoka na mwenge wa magome wa kuwafukizia nyuki moshi. Tuliingia msituni umande ungalipo. Mzinga wa kwanza nilimpeleka moja kwa moja. Wa pili, wa tatu, wa nne. Alirina kwa haraka yake ile ile, na mimi nikatazama pembeni. Kisha ile miwili niliyoiona ukingoni. Baada ya hapo nikatembea mbele kwa hatua za mtu anayejua. Nilikata kushoto, nikakata kulia, nikasimama na kutazama juu kana kwamba nachagua. Tulipita kichuguu kimoja mara mbili. Tulipokipita mara ya tatu baba mdogo akaweka shoka chini.

"Kaa."

Nikakaa.

"Umepotea tangu saa nne. Nimekuwa nakutazama mgongo tu. Mtu anayejua njia hatazami miti yote, anatazama mmoja."

"Nisamehe baba."

"Ungeniambia masika, tungetafuta wawili. Baba yako alikuambia unionyeshe. Unafikiri sikujua? Alinituma niulize, nikaona haya kukuuliza. Wewe ukaona mimi mchafu." Alifuta kisu kwenye suruali, nadhani makusudi. "Sasa nisikilize. Msimu ukiisha, kila nitakaouona nauchonga alama yangu. Sikuibii. Sheria ni sheria."

"Ni haki yako."

"Najua ni haki yangu!" alisema kwa ukali, akaokota shoka. Tulirudi nyumbani, yeye mbele.

Siku ya soko Mgori nilivaa shati, nikafunga vifungo vyote mwenyewe. Elizabeti alikuja nami, akakaa mbali nami kidogo, akiwa na kikapu chake cha karanga, kama alivyotaka mwenyewe. Warina asali hukaa upande mmoja, kila mtu na debe lake, na ubishi wao husikika kabla hujawaona. Nikasimama mbele yao. Nilikuwa nimeikariri hotuba usiku kucha na yote ilitoka kichwani. Nikasema tu:

"Shikamooni wazee. Mimi mtoto wa marehemu Ntandu. Mwaka jana nilikosa hewa. Nimesahau mizinga yetu ilipo. Alama ni mikato miwili na tundu. Aliyeiona naomba aniambie."

Mzee mmoja mwenye jicho moja akasema, "Umeisahau yote?"

"Nimebaki na sita."

"Mimi nina macho nusu na sijasahau hata mmoja," akasema, nao wakacheka, na mwingine akadakia, "Wewe mke wako wa kwanza ulimsahau Manyoni!" Wakazidi kucheka. Nilisimama pale na masikio yakiwaka. Nilikuwa nimeogopa kicheko hicho mwaka mzima, na kilikuwa kifupi kuliko nilivyodhani.

Kijana mmoja hakucheka. Alikuwa anakoroga asali kwenye debe, akasema bila kuinua kichwa, "Upo mmoja kwenye mkuyu karibu na maji wanayonywa nguruwe pori. Niliurina mwaka jana. Nilidhani umekufa."

"Nilikuwa hai."

"Sasa naona." Akachota kopo moja la asali, akalisukuma mbele yangu. "Fundo la tawi la juu limeoza. Usilikanyage."

Baada yake wakasema wengine, kwa kubishana kama kawaida yao, mmoja akisema ni mtundu, mwingine akisema huyo hajui mtundu wala mbuyu. Yule wa jicho moja alikuwa na minne kichwani. Elizabeti alikuwa amesogea nyuma yangu na kipande cha karatasi ya kufungia sukari, na mimi niliandika kila mti mbele ya watu wote, kwa herufi kubwa, na aliyetaka kusoma alisoma.

Mama aliogopa mashoka, na hakukosea kabisa. Mitano tuliikuta imekwisha futwa alama, na palipokwanguliwa gogo bado ni jeupe. Mingine kumi na mmoja haijaonekana hadi leo, na huenda imeanguka. Baba mdogo alichonga alama yake kwenye mitatu aliyoikuta mwenyewe, kisha akaja jioni kutuambia ni ipi, akakaa, akala. Sasa tunaingia msituni pamoja. Bado anakata majana. Nimemwambia mara moja, akaniambia nishike mwenge.

Mama wa Ikungi, sijui binti yako atarudi kiasi gani. Mimi sisomi tena kitabu kirefu, mistari inakimbia. Majina ya watu wapya yananitoka kabla hawajaondoka. Nimerudia kurasa hizi zaidi ya mara nne, na mke wangu amenikataza kuzirudia tena.

Mwezi uliopita tulikwenda kwenye mkuyu ule wa karibu na maji. Nilisimama chini nikautazama kwa muda. Mikato miwili, tundu moja. Lazima ni mimi niliyeutundika upya mzinga huo, kwa maana kamba ilifungwa nifungavyo mimi. Sikuukumbuka mti, wala tawi, wala maji. Nikapanda, nikakwepa fundo la juu lililooza, nikagonga gogo polepole kwa kidole, kama anavyobisha hodi mtu kwenye nyumba ambayo hajapata kuingia, nikaanza kurina.